Henan Airlines ya China: ndege ikianguka, kosa ni la rubani peke yake?

Huku kwetu mashariki, barabara mbovu na vita vinatusukuma kupanda ndege, hata mtu asiyependa. Na ndege ikianguka, jibu linakuja haraka: hali ya hewa ilikuwa mbaya, ama rubani alikosea. Kiisha kilio, mambo yananyamaza. Historia ya kampuni moja ndogo ya China inaonyesha kwamba nyuma ya jibu hilo kunabaki maswali mengine.

Kampuni hiyo ilianza kuruka mwezi wa kumi 2007 kwa jina la Kunpeng Airlines. Wenye hisa walikuwa Shenzhen Airlines na wenzake, pamoja na Mesa Air Group ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria kwa ndege ndogo kati ya miji ambayo makampuni makubwa hayaishughulikii sana. Mwaka 2009 Wamarekani walijitoa. Kampuni ikajiweka katika jimbo la Henan, ikachukua na jina lake: Henan Airlines.

Tarehe 24 mwezi wa nane 2010, usiku, ndege yake aina ya Embraer 190 iliondoka Harbin kwenda Yichun, muji mdogo wa kaskazini-mashariki wenye misitu mingi. Ndani kulikuwa watu 96. Uwanja wa Yichun ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu mbele ya hapo, na usiku ule ukungu ulikuwa umeufunika. Rubani mkuu alikuwa anatua pale kwa mara ya kwanza. Kwa rubani kama huyo, kanuni ya kampuni ilisema lazima aweze kuona mita 3,600 mbele yake. Uwanja ulimwambia: mita 2,800 tu. Akaendelea kushuka bila kuona njia ya kutua, wakati sheria inamuamuru apande tena juu. Ndege iligonga miti na chini, karibu mita 700 mbele ya kufika uwanjani, ikashika moto. Watu 44 walikufa. Rubani mkuu alipona, lakini alitoka ndani ya ndege bila kupanga namna ya kuokoa abiria.

Mpaka hapo unaweza kusema: kosa ni la rubani. Ripoti ya serikali, iliyotoka mwezi wa sita 2012, ilikubali hivyo, lakini haikuishia hapo. Ilisema kampuni ilikuwa na uzembe katika usalama na katika mafunzo ya wafanyakazi wake. Ilisema Shenzhen Airlines, mama wa kampuni, haikuiangalia wala kuisaidia inavyofaa. Tena ilitaja ofisi za mamlaka ya anga zenyewe, kwamba zilikuwa legevu katika kusimamia kampuni hiyo.

Dalili zilikuwepo. Ukaguzi wa mamlaka ya anga wa miaka 2008 na 2009 ulikuta marubani zaidi ya 200 nchini China waliodanganya juu ya uzoefu wao. Karibu nusu yao walikuwa wa Shenzhen Airlines. Habari hiyo ilijulikana kwa watu wote kiisha ajali tu.

Siku chache kiisha ajali, jimbo la Henan lilikataza kampuni kutumia jina lake. Mkubwa wa kampuni akaondolewa kazini. Mwezi wa kumi na mbili 2014, tribunali ilimhukumu rubani mkuu miaka mitatu ya gereza. Katika jambo hili lote, mzigo mzito zaidi ulimwangukia yeye. Hata hivyo ripoti ilikuwa imetoka, na kila mtu aliweza kusoma kwamba waliomruhusu kuruka nao walihusika. Baadaye China ilikaa zaidi ya miaka 11, mpaka mwezi wa tatu 2022, bila ndege yake ya abiria kuanguka na kuua watu namna ile.

Sisi hapa tumezika pia. Mwezi wa saba 2011, ndege ya Hewa Bora ilianguka Kisangani ikitaka kutua katika hali mbaya ya hewa, watu zaidi ya 70 wakafa. Mwezi wa tatu 2013, ndege ya CAA ilianguka Goma ikikaribia kutua, nayo wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Tangu 2006, makampuni ya Kongo yamekatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, na sababu kubwa si marubani. Ni usimamizi wa serikali.

Ukungu hauna mwenyewe, na mvua haiwezi kupelekwa tribunali. Lakini kuna mtu aliyetia sahihi ili rubani aruke, na kuna mtu aliyesema uwanja uko tayari. Siku ndege ikianguka, familia zina haki ya kuuliza mambo matatu: ripoti iko wapi, nani aliruhusu, na nini kimebadilika tangu siku hiyo. Jibu likiishia kwa rubani tu, basi bado hatujajibiwa.