Safari ya Kwaresima isikatizwe Jumapili ya Pasaka

KILA mwaka, waumini wa Kanisa Katoliki katika majimbo ya Meru na Embu hupakwa majivu kwenye paji la uso na kuanza safari ya siku 40 inayowafikisha kwenye Pasaka. Makanisa hujaa, Njia ya Msalaba hufuatwa na umati kila Ijumaa, na hata wale ambao hawajaonekana kanisani tangu Krismasi hujitokeza.

Swali lisiloweza kuepukwa ni hili: safari hiyo hubadilisha nini katika vijiji vinavyoizunguka parokia, na ni kwa nini mabadiliko hayo hufifia mara tu ngoma za Pasaka zinaponyamaza?

Majimbo haya mawili ni ndugu. Wamishonari wa Consolata kutoka Turin, Italia, walifika Kenya mwaka wa 1902, na mnamo 1926 eneo la Meru likapewa utawala wake wa kikanisa. Meru ikawa jimbo kamili mwaka wa 1953. Mnamo 1986, Embu ilitengwa na Meru ikawa jimbo la kujitegemea chini ya Askofu John Njue, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi na Kardinali.

Undugu huo si wa historia pekee. Majimbo yote mawili yana sehemu za juu na za chini. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya kuna majani chai, kahawa na mvua ya kutosha. Chini, katika nyanda za Tharaka na Mbeere, mkulima hutegemea mtama, mawele, ndengu na kunde, na mvua ambayo mara kwa mara humvunja moyo.

Kwaresima huja wakati wa kiangazi, masika yakisubiriwa. Muumini wa miteremkoni akihimizwa kufunga, anajua la kufanya: atapunguza alichonacho. Muumini wa nyanda za chini ana haki ya kuuliza apunguze nini, ilhali ghala lake linaelekea kuwa tupu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa chini ya askofu mmoja.

Kwa mujibu wa sheria za Kanisa, wanaolazimika kufunga ni watu wazima wenye umri wa kati ya miaka 18 na 59, nao hufanya hivyo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu pekee. Kujinyima nyama huanzia miaka 14. Masharti hayo ni mepesi mno kwa kipindi kinachosifiwa kuwa cha toba.

Uzito wa Kwaresima, basi, hauko katika sahani. Kanisa hufundisha nguzo tatu zinazotegemeana: sala, kufunga na sadaka. Kinachookolewa kwa kufunga chapaswa kumfikia mhitaji, la sivyo mfungo unageuka kuwa njia ya kubana matumizi ya nyumbani.

Mahali ambapo nguzo hizi hukutana ni katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mnamo 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki chini ya shirikisho lao la AMECEA walizifanya jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Tangu hapo, majirani hukutana nyumbani kwa zamu, wakasoma Maandiko na kujuliana hali.

Wakati wa Kwaresima, mikutano hiyo hupata nguvu mpya. Tume ya Haki na Amani ya maaskofu wa Kenya huandaa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, ambapo kila wiki ina mada yake kuhusu maisha ya taifa. Wanajumuiya hutakiwa kuona hali ilivyo, kuipima kwa mwanga wa imani, kisha kutenda.

Umuhimu wa jambo hili hauonekani kwa urahisi. Katika vijiji vingi, mkutano wa hadhara ni wa chifu au wa mwanasiasa. Jumuiya ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mama asiye na cheo anaweza kuzungumzia ufisadi, ulevi au ugomvi wa mashamba, naye akasikilizwa.

Kwaresima ya mwaka wa 2008 ilidhihirisha nguvu ya kipindi hiki na udhaifu wake pia. Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 6, nchi ikiwa ingali inavuja damu kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia hizo na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, baadhi yao wakikimbilia kwa jamaa zao katika maeneo ya Mlima Kenya.

Mkataba wa amani uliosimamiwa na Bw Kofi Annan ulitiwa saini Februari 28, katikati ya mfungo. Bunge lilipitisha sheria ya kuutekeleza Machi 18, Jumanne ya Juma Kuu, na siku tano baadaye Wakristo wakaadhimisha Pasaka. Ni vigumu kupata mwaka mwingine ambapo kalenda ya Kanisa na ya taifa zilikaribiana kiasi hicho.

Hata hivyo, Pasaka ilipopita, kambi za wakimbizi wa ndani hazikupita. Zilidumu kwa miaka. Viongozi wa dini wenyewe walilaumiwa kwa kuegemea pande za kikabila wakati wa uchaguzi huo. Toba iliyohubiriwa kwa siku 40 ilihitaji muda mrefu zaidi ili izae upatanisho.

Mfano wa pili uko Embu kwenyewe. Pasaka ya mwaka wa 2014 ilikuwa Aprili 20. Mapema Mei, wiki mbili tu baadaye, watu walianza kufa katika kaunti ya Embu na kwingineko baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Makumi ya familia zilibaki zikiomboleza, na wengine wakapofuka.

Kanisa lilikuwa bado katika kipindi cha Pasaka. Haingekuwa haki kulilaumu kwa biashara ya walanguzi na uzembe wa maafisa waliofumbia macho sumu hiyo. Lakini mkasa huo unatukumbusha kwamba kuacha pombe kwa siku 40 hakutoshi ikiwa siku ya 41 mlevi anarejea penye pombe ile ile, na jumuiya iliyomtia moyo haikutani tena kujua yuko wapi.

Kuna pia suala la fedha. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa kwa kanisa moja jijini humo. Uamuzi huo uliwafurahisha wengi, ila uliacha swali: parokia isipotegemea bahasha za wanasiasa, itategemea nini?

Jibu liko katika sadaka ya Kwaresima. Haba na haba hujaza kibaba. Shilingi chache za mchuma chai na kikombe cha ndengu kutoka kwa mkulima wa Mbeere havimfungi padri mdomo mimbarini. Lakini mtoaji ana haki ya kuelezwa sadaka yake ilimfikia nani, kwa kuwa uwazi ndio unaomfanya atoe tena mwaka ujao.

Hapa ndipo hoja kuu ilipo. Katika kalenda ya Kanisa, Kwaresima ni siku 40 lakini kipindi cha Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste. Furaha, basi, imepewa muda mrefu kuliko toba. Lakini katika desturi zetu, safari hukoma Jumatatu ya Pasaka, kijitabu kikafungwa na mahudhurio ya jumuiya yakapungua.

Siku hizo 50 ndizo ngumu zaidi kwa nyanda za chini. Mbegu ziko ardhini, akiba imekwisha, na mavuno hayajafika. Wakati parokia za juu zimemaliza kufunga, nyumba kadhaa za Tharaka na Mbeere hufunga bila kuambiwa na padri yeyote. Sadaka iliyokusanywa wakati wa mfungo ingewafaa zaidi wakati huo.

Wapo watakaosema kwamba baada ya Pasaka watu wana palizi, na kwamba padri mmoja hawezi kuvifikia vigango vyote. Ni kweli. Lakini jumuiya haikuanzishwa ili imsubiri padri. Iliwekwa mikononi mwa walei ili maisha ya imani yaendelee hata padri akiwa mbali.

Lisilohitaji fedha nyingi ni parokia ya miteremkoni kushikamana na parokia ya nyanda za chini tangu Jumatano ya Majivu hadi Pentekoste, sadaka ikahesabiwa mbele ya waumini wa pande zote mbili. Aidha, jumuiya zinaweza kuendelea na mada za Kampeni ya Kwaresima kwa majuma saba ya Pasaka, safari hii zikiuliza: lile tulilokubaliana kutenda, tumelitenda?

Usiku wa Mkesha wa Pasaka, moto mpya huwashwa nje ya kanisa na kila muumini huwasha mshumaa wake kutoka kwa mshumaa mmoja mkubwa. Wakatekumeni hubatizwa, nao waliobatizwa zamani hurudia ahadi zao. Ahadi hizo hutolewa gizani mbele ya majirani. Majirani hao hao ndio wanaopaswa kuulizana, mwezi Mei mvua ikinyesha, kama zingali zinatimizwa.