Mambo ya Nyumbani: Nyama na Viazi kwa Aliyefiwa



Katika ukurasa huu nimezoea kuwaandikia habari za kulea watoto, na za kuchemsha maji ya kunywa, na za madeni yanayoharibu nyumba. Mwezi huu nataka kuandika habari ya kupika. Najua wako watakaocheka, nao watasema, Mwalimu amekwisha maneno. Na wacheke, si neno. Ila wasome mpaka mwisho kabla ya kuliweka gazeti.

Jambo lenyewe ndilo hili. Mwezi wa Julai mke wangu alipata habari ya kufiwa na mama yake huko Handeni. Akashuka, akamzika, akakaa matanga, na baada ya majuma matatu akapanda kurudi kwetu huku milimani Lushoto. Alirudi mwembamba, macho yameingia ndani. Majirani walitenda wema mwingi: huyu alileta ugali na maharage, yule ndizi za kupika, mwingine uji. Mke wangu aliwashukuru wote, akakisogeza chakula kwa watoto, yeye akanywa chai kidogo. Siku ya kwanza nalisema, ni uchovu wa njia. Siku ya pili nikasema, ni baridi, maana mwezi wa saba baridi ya kwetu humwingia mifupani mtu aliyetoka nchi ya joto. Siku ya tatu sikuwa na la kusema tena.

Nalisali pamoja naye. Nikamwambia maneno ya faraja, yale tunayoyasema sisi makatekista tuingiapo katika nyumba ya msiba. Nimeyasema katika nyumba nyingi, nami nayaamini. Lakini siku ile niliyasikia katika nyumba yangu mwenyewe, nikaona ya kuwa mimi huyasema upesi mno, kama mtu anayetaka kufika kwake kabla ya jua kuchwa.

Usiku ule akanena mwenyewe. Alisema, "Wakumbuka mwaka ule tuliooana, mama alipokuja kututazama, tukapikiwa nyama na viazi kwa yule mwalimu mzee? Mvua ilinyesha, tukaketi sote meza moja."

Nikakumbuka. Nanyi mtaelewa jinsi neno hili lilivyo kubwa, mkiijua desturi ya wazee wa makabila mengi, ya kwamba mtu na mama mkwe wake hawali pamoja wala hawatazamani machoni. Mwalimu yule na mke wake walituketisha tu, kana kwamba hapana desturi yo yote duniani. Mama alisita, akajifunika uso kwa kanga; kisha akala, na kabla sahani haijaisha akacheka. Tangu siku ile aliniita mwanangu.

Basi asubuhi nikaazimu kukipika chakula kile, mimi kwa mkono wangu. Binti zetu wawili wako shule ya bweni. Nyumbani walikuwapo wavulana wadogo tu. Ningaliweza kumwomba jirani, ndiyo. Lakini jirani hakuwako siku ile ya mvua, nami nilikuwako. Tena naungama ya kuwa niliufunga mlango wa jikoni, ili watu wapitao njiani wasinione.

Sasa nawaeleza nilivyofanya, pamoja na makosa yangu, ili atakaye kufanya asiyarudie.

Nalikwenda bucha mapema, kabla minofu mizuri haijachukuliwa. Wenye bucha huita steki kila nyama isiyo na mfupa. Usiliamini neno hilo peke yake, tazama kwa macho. Nyama ya mguu na ya bega ni ngumu, kwa maana ng'ombe wetu hutembea sana akitafuta majani, na kiungo kinachofanya kazi hukaza. Hiyo yafaa mchuzi, iliyochemka pole pole muda mrefu. Ya kukaanga ni sarara, yaani mnofu ulalao kando ya uti wa mgongo, ambao mnyama hautumii sana. Nikatazama muhuri wa mkaguzi, nikanunua kilo moja. Haikuwa rahisi kwa bei, na majuma mawili yaliyofuata tulikula mboga na maharage. Si chakula cha kila siku, wala simshauri mtu akope kwa ajili yake.

Nyumbani nikaikata vipande vinne, unene wa kidole gumba. Hapo tazama nyuzi za nyama zinakoelekea, ukate kwa kuzikingama. Ukizifuata, mlaji atatafuna kama atafunaye kamba.

Kijana mmoja aliyepanda kutoka Mombo alikuwa ameniletea majani ya mpapai, maana huko bondeni mti huu wamea vizuri kuliko kwetu. Utomvu wa mpapai una kitu kilainishacho nyama. Wataalamu hukiita papaini. Nao wapishi wa pwani hutumia papai bichi katika mishikaki kwa sababu hiyo hiyo. Niliyaponda majani kidogo ili utomvu utoke, nikaifungia nyama ndani yake muda wa saa moja. Usiiache usiku kucha, itakuwa teketeke, haina ladha ya kutafunwa. Baada ya hayo niliifuta vizuri kwa kitambaa safi mpaka ikakauka, kwa kuwa nyama yenye maji haikaangiki, huchemka katika mvuke wake. Chumvi niliitia mwisho, wakati kikaango kimekwisha kupata moto.

Ama viazi, hivyo ndivyo vilivyonitia aibu. Mke wangu huviweka gizani, chini ya kitanda, ndani ya gunia. Sisi wanaume watatu tulivitoa mara alipoondoka, tukavimimina katika kikapu karibu na dirisha, ili tusisumbuke kuinama. Majuma matatu ya jua la dirishani yaligeuza vingi kuwa vya kijani. Kiazi cha namna hiyo kina sumu, jina lake solanini, nayo haiondoki kwa kuchemshwa. Nilivitupa karibu nusu ya kikapu, huku nikimkumbuka aliyeinama kila siku chini ya kitanda wala nisimwulize kwa nini.

Viazi hivi twaviita vya Ulaya, wengine husema viazi mviringo, lakini asili yake si Ulaya. Vilitoka katika milima mirefu ya Andes, huko Peru na nchi jirani zake, ambako watu walivilima maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajavipeleka kwao katika karne ya 16. Hata Wafaransa walividharau zamani, wakivihesabu kuwa chakula cha wanyama. Mtu wao mmoja, Parmentier, alichukuliwa mateka vitani huko Prussia, akalishwa viazi gerezani. Akatoka mzima, akawa mtetezi wake, hata mwaka 1772 waganga wa Paris wakakubali ya kuwa vyafaa kuliwa. Leo mtu wa Lushoto aweza kusomesha watoto kwa viazi. Lakini narudi jikoni.

Viazi vizima nalivimenya, nikavikata vipande, nikavitia katika maji baridi yenye chumvi ndipo nikavibandika motoni. Ukivitia katika maji yanayochemka, nje huvurugika na ndani bado vigumu. Kisu kilipoingia bila shida niliyamwaga maji, nikairudisha sufuria motoni kidogo ili vikauke.

Kikaango kiwe cha chuma kizito, nayo makaa yawe mekundu bila moshi. Nalitia mafuta ya ng'ombe niliyoyayeyusha, nikangoja mpaka moshi mwembamba uanze kuonekana. Kosa langu la pili lilikuwa pupa: niliweka vipande vyote vinne kwa mara moja. Kikaango kikapoa, maji yakatoka, nyama ikawa ya rangi ya majivu. Nikatoa viwili upesi, sauti ya kukaanga ikarudi. Kila upande uupe dakika tatu hivi, wala usiichomechome kwa uma. Ikiisha kupata rangi ya kahawia pande zote mbili, punguza makaa, uiache tena dakika chache mpaka maji yake yatoke meupe bila wekundu. Katika nchi za Ulaya na Marekani wengi hupenda nyama ya namna hii iwe na wekundu katikati. Sisi siwashauri, kwa ajili ya tegu.

Nilikuwa katika viwili vya mwisho mlango uliposukumwa, akaingia shangazi yangu, ambaye amepita miaka sabini.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitika upesi. Alinitazama mimi, akalitazama jiko, akawatazama wavulana waliokuwa wakimenya vitunguu na machozi yakiwatoka. Kisha akasema, "Marahaba. Mwanangu, mkeo amekufa?"

"La, shangazi, yumo chumbani."

"Basi mbona wamvalia kanga yake?"

Kweli nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni. Nikamwambia, "Shangazi, wewe ulibatizwa kabla yangu. Bwana alipofufuka, nao wanafunzi wake wamekesha ziwani wasipate kitu, ni nani aliyewawekea samaki juu ya makaa?"

Akanyamaza kidogo, maana Yohana sura ya 21 aijua. Ndipo akasema, "Yule alikuwa Bwana. Wewe u mwalimu tu. Geuza nyama yako, inaungua."

Nayo ilikuwa inaungua. Nikaitoa, nikaifunika nyama yote katika sahani dakika tano ili itulie. Ukiikata mara itokapo motoni, maji yake yote humwagika, ukabaki na nyama kavu. Katika kikaango kile kile nikakaanga vitunguu, nikatia viazi mpaka vikapata rangi. Nikaviweka kando, nikamimina maji nusu kikombe, nikakwangua ule weusiweusi mtamu ulioshika chini. Huo ndio mchuzi wake, wala hautaki kitu kingine.

Shangazi akauliza kipande kikubwa ki wapi, apate kukitenga. Mwajua ni cha nani. Katika nyumba zetu nyingi kikubwa ni cha baba, watoto hupata kidogo, na mama hula kilichobakia sufuriani, jikoni, pengine amesimama. Nimeona nyumba za Wakristo, tena za walimu, ambamo sala ya chakula husemwa mezani, na aliyekipika hayupo mezani kuitikia Amina. Nisiwaseme wengine: nyumba yangu ilikuwa hivyo miaka mingi, ingawa nilikwisha kuonyeshwa njia nyingine katika mwaka wa kuoa kwangu. Tulianza vizuri, kisha watoto wakazaliwa, wageni wakawa wengi, meza ikawa ndogo, na aliyeondoka mezani ni yeye. Hapana aliyemfukuza. Hapana pia aliyemwita.

Vipande vilikuwa vinne, nasi tulikuwa watano. Kile kilichoungua nikakigawanya na shangazi.

Kijana wangu mdogo akaenda kumwita mama yake. Alitoka amejitanda kitenge, akasimama mlangoni akiitazama meza. Nilikuwa nimetayarisha maneno, nikayaacha. Akaketi. Tukasali kwa ufupi. Akakata kipande kidogo, akala. Akala na viazi. Kisha machozi yakaanza kumtoka, lakini mkono haukuacha kwenda kinywani. Wavulana wakaacha kula wakamtazama. Shangazi akawaambia, "Ninyi kuleni. Mama yenu anakula."

Alimaliza zaidi ya nusu, na kilichosalia akakifunika mwenyewe, akasema ni cha asubuhi. Ndipo akaniambia, "Vile vya siku ile vilikuwa na pilipili manga."

Nikasema sikujua kama tunayo.

"Imo katika mkebe wa majani ya chai, ule uliopigika, rafu ya juu."

Mimi nimekaa katika nyumba ile miaka kumi na miwili. Nikaenda, nikaukuta pale pale.

Shangazi aliaga giza lilipokuwa likiingia, nikamsindikiza kwa taa mpaka njia panda. Alikwenda kimya. Tulipoagana akaniuliza majani ya mpapai hufungwa juu ya nyama muda gani. Nikamjibu, muda wa saa moja, isizidi.