Poda ya mizizi haifufui kipande kilichokauka



Katika vitalu vya maua ombi linarudi kila mara: «Mutuletee ile poda ya mizizi.» Tunaelewa haraka hiyo. Watu wenye kujenga Bukavu na Goma wanataka bougainvillea kwa ukuta na mawaridi mbele ya mlango, na mwenye kuwa na miche tayari ndiye anauza. Lakini sisi tunasema wazi: pesa ya kasha isitoke kwa kununua poda kama kitalu hakina bado kivuli, mchanga safi na maji ya karibu.

Poda hiyo ni nini? Ndani yake muko homoni, mara nyingi ile inayoandikwa AIB kwenye lebo. Inafanana na ile ambayo mmea wenyewe unatengeneza katika machipukizi na majani machanga, na kuituma chini ili mizizi itoke. Si mbolea, wala si dawa ya kuoza. Kipande kilichokatwa saa sita ya jua, kikabebwa bila kufunikwa mpaka kitaluni, kimekwisha kufa. Poda haitakifufua.

Tena, mimea mingi haina lazima nayo. Dracaena, koleusi na geranium zinatoa mizizi zenyewe tu. Kuzipakaza poda ni kutupa franka. Bougainvillea ndiyo ngumu: vipande vingi vinaoza mbele ya kupata mizizi. Hapo poda inasaidia kweli, na hapo tunakubali inunuliwe, kopo moja dogo kwa kikundi kizima.

Mukinunua, musome lebo. Poda ya 0,1% ni ya matawi laini, 0,3% ya matawi yaliyoanza kukomaa, 0,8% ya matawi magumu. Ile inayouzwa ndani ya sashe bila kipimo na bila tarehe ya mwisho, muiache sokoni, hata kama bei ni nzuri.

Namna ya kuitumia ni hii. Kata asubuhi, kipande cha sentimeta 15 hivi, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini. Mimina poda kidogo ndani ya kisahani. Usichovye kamwe ndani ya kopo, sababu umaji unaharibu yote. Gusisha mwisho wa kipande, kung'uta inayozidi, kwani poda nyingi inaweza kuunguza. Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ndipo upande, ili poda isibaki juu ya mchanga. Kisha kivuli, na unyevu kila siku. Inayobaki kisahanini, usiirudishe.

Na musituamini kwa maneno tu. Mupande vipande 20 vyenye poda na 20 bila poda, mti mmoja, siku moja, kitanda kimoja, na alama juu yake. Kisha miezi miwili muhesabu. Kama tofauti ni ndogo, pesa iende kununua nyavu za kivuli.

Wamama ndio wanaomwagilia kila asubuhi, na jasho lao ndilo linajaza kasha. Basi kwenye mkutano ujao, mbele ya kupitisha ununuzi wa poda, wapewe neno kwanza: vipande vingapi vilikufa musimu uliopita, na vilikufa juu ya nini? Kama jibu ni jua na kiu, kopo lingoje.