Mtindi na Kidonda

Katika kaya nyingi za Lushoto ng'ombe hufugwa bandani, na maziwa yanayobaki baada ya kuuzwa hugandishwa. Je, mtindi huo waweza kuponya kidonda?

Mtindi ni kazi ya bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Mapema karne iliyopita, mwanasayansi Élie Metchnikoff alieleza kuwa bakteria hao huenda wakamfaa mwanadamu tumboni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwanywesha panya bakteria aina ya Lactobacillus reuteri, na majeraha ya ngozi yao yakapona upesi kuliko ya wenzao. Lakini panya si mtu. Ushahidi kwa wanadamu bado ni mchache.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, mahali pa mtindi ni kikombeni, si juu ya kidonda. Maziwa mabichi huweza kubeba vijidudu vya maradhi. Yachemsheni kwanza, yaacheni yawe vuguvugu, ndipo mtie kijiko cha mtindi wa jana katika chombo safi.

Mtoto akiungua jikoni, mmwagieni maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20, mpafunike kwa kitambaa safi, kisha mumpeleke kituo cha afya. Na kidonda cha mguuni cha mwenye kisukari, hata kiwe kidogo, kisisubiri.

Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu. Kuuwahisha kwa mganga ni katika kuilinda amana hiyo.