Sweta la Baba Imani

Mwenzenu mwezi wa saba nilikuwa Arusha, na nimerudi na mafua, kilo mbili za ziada na aibu kidogo. Ngoja niwape mkasa mzima.

Mume wangu alihamishiwa kule kikazi mwaka jana. Mimi nimebaki Dar na watoto na kazi yangu. Kila usiku saa tatu tunapigiana simu. Umekula? Nimekula. Watoto? Wazima. Ada? Nimeshatuma. Haya, usiku mwema. Dakika tatu, basi. Nikawa najisifu kwa mashoga zangu kwamba ndoa ya mbali ni kujipanga tu.

Basi nikapanda basi alfajiri. Nikapita mashamba ya mkonge ya Korogwe, milima ya Usambara, Same na ukame wake, na Kilimanjaro kajifunika mawingu gubigubi. Jioni nikashuka Arusha na kiblauzi changu cha mikono mifupi, meno yanagongana. Jamani, mji ule uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na mwezi wa saba ndo kipupwe chenyewe. Kila mtu koti, kila mtoto kofia ya sufu. Waliovaa kaptula ni wazungu tu, wanaosubiri magari ya kwenda Serengeti.

Mara Baba Imani huyo, kaja kunipokea. Kavaa sweta. La kijani, la kufumwa kwa mkono, limemkaa kama alipimwa. Sasa, huyu bwana tangu anioe nguo zake nanunua mimi, mpaka soksi. Sweta hilo silijui.

Sikuuliza. Si mnatujua wanawake, swali tunakaa nalo mpaka liive.

Kesho yake akanitembeza. Tukapita Mnara wa Saa, ambao wenyeji watakuapia kwamba uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Tukapita Mnara wa Azimio, ule wa kukumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967. Tukaingia soko la Kilombero, maparachichi makubwa hayo, ndizi mikungu kwa mikungu, mitumba ya makoti hadi unachanganyikiwa. Mchana tukala mtori wa moto kwa mama mmoja ambaye alimwekea mume wangu pilipili bila hata kumuuliza. Pilipili! Nyumbani kwangu hagusi. Kwenye picha nacheka, lakini kichwani nina sweta na sasa pilipili.

Jioni swali likaiva. "Baba Imani, hilo sweta kakununulia nani?"

Akaniangalia, akacheka. "Twende nikuoneshe."

Hatukufika mbali, nyumba ya mbele tu. Mama mwenye nyumba wake, bibi wa Kimeru wa miaka sabini na ushee, kakaa kwenye kigoda, sindano mbili mkononi na mpira wa uzi miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Huyu wako alikohoa wiki tatu, namsikia usiku ukutani. Nikasema mtoto wa pwani huyu atanifia hapa. Nikamfumia."

Wivu uliisha palepale. Kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Wiki tatu mtu anakohoa, na mimi kila usiku naongea naye.

Tulivyorudi ndani nikamuuliza mbona hakuniambia. "Nilikuwa nakibana kikohozi mpaka tukate simu," akasema. "Dakika tatu si nyingi. Na ungefanya nini, Mama Imani, na watoto wawili na foleni za Dar?" Tukalaumiana kidogo, sauti ya chini ili bibi asisikie. Halafu tukanyamaza. Halafu na mimi nikamwambia ukweli wangu: mshahara wangu ulichelewa miezi miwili, ile ada ya mwisho nilikopa. Yeye alijua mambo safi.

Jumapili alfajiri akaniamsha nikaone Meru. Siku mbili nzima nilikuwa sijauona, mawingu tu. Nikatoka na shuka begani. Mlima wote huo, zaidi ya mita 4,500, umesimama juu ya mabati ya majirani kana kwamba ulikuwepo siku zote. Na kweli ulikuwepo. Saa mbili asubuhi wingu likaufunika tena.

Naondoka, bibi akanipima mabega kwa macho, akaniuliza napenda rangi gani.

Siku hizi simu ya saa tatu inakula vocha kwelikweli. Jana alitumia robo saa kunieleza pilipili ya yule mama wa mtori. Ada tuliisahau, ikabidi nimpigie tena.

Na wewe msomaji, wa kwako jana ulimuuliza nini? Tukutane mwezi ujao.