Kalenda Haifundishi Mkono

Machi 2020, Korona ilipofika Afrika Mashariki, hospitali nyingi duniani zilikuwa zinasimamisha kila upasuaji unaoweza kusubiri. Upasuaji wa mtoto wa jicho ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuahirishwa. Sababu zilikuwepo: anayepima jicho hukaa uso kwa uso na mgonjwa, na Li Wenliang, aliyewatahadharisha wenzake kule Wuhan kisha akafariki Februari mwaka huo, alikuwa daktari wa macho. Hatuulaumu uamuzi ule. Tunachouliza ni nani aliyehesabu hasara ya daktari kijana aliyekuwa katikati ya masomo ya ubingwa.

Mihadhara ilihamia kwenye Zoom, tena ikahama vizuri. Mkono haukuwa na pa kuhamia. Kwetu mtoto wa jicho huondolewa zaidi kwa jeraha dogo lisilohitaji kushonwa: unachonga njia kwenye weupe wa jicho, unafungua kifuko cha lenzi, unaitoa lenzi iliyokomaa, unaweka ya bandia. Ukuta wa nyuma wa kifuko hicho una unene wa takriban sehemu 4 za elfu moja za milimita. Ukichanika, ute wa ndani ya jicho husogea mbele, na mgonjwa aliyekuja kutafuta nuru anaweza kuipoteza kabisa. Ukuta huo hujulikana kwa kuugusa tu, mkufunzi akiwa begani.

Sasa, dawa ilikuwepo hata kabla ya janga. Jaribio la OLIMPICS liliwashirikisha madaktari 50 waliosomea ubingwa Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Waliopewa kozi ya kufanyia mazoezi macho bandia walifanya wastani wa upasuaji 21.5 katika mwaka uliofuata, wenzao 8.5. Kifuko kilichanika kwa asilimia 7.8 ya wagonjwa wao, dhidi ya 26.6 upande wa pili. Tofauti hiyo ni macho ya watu, mengine pengine ya wazee waliouza mbuzi ili wapate nauli ya hospitali.

Kwa hiyo kila hospitali inayofundisha iwe na chumba cha mazoezi chenye hadubini yake, kinachofunguliwa hata thieta ikifungwa. Macho bandia yakiwa ghali, machinjio yapo, na macho ya mbuzi yanafaa. Na cheti kitolewe kwa ustadi uliopimwa, si kwa miaka iliyopita. Tutaambiwa mikoa ina uhaba wa mabingwa na haiwezi kungoja. Uhaba ni wa kweli. Lakini anayepelekwa peke yake mkoani hana wa kumwita kifuko kinapochanika.

Waliohitimu miaka ile ya Korona wako kazini tayari. Tunaviomba vyuo viwaite kwa miezi michache wakae kando ya wapasuaji wazoefu, nauli na posho vikiwa juu ya vyuo.