Saa ya Babu Isikwanguliwe Uso

Marehemu babu yangu alivuka mpaka wa Tunduma kwenda kuchimba shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, iliyokuja kuitwa Zambia mwaka 1964. Alirudi na saa ya mkono, nami nikairithi ikiwa imesimama. Fundi niliyempelekea alishika kisu mara moja, akwangue rangi ya kahawia kwenye tarakimu, aipake upya. Nilimzuia.

Simlaumu, nawalaumu zaidi walimu wa fizikia, nami nikiwamo. Saa nyingi za zamani zilizong'aa gizani zilipakwa radiamu iliyochanganywa na salfaidi ya zinki. Mionzi ya radiamu huifanya salfaidi hiyo itoe nuru. Miaka ikipita salfaidi huchakaa, nuru hufifia, na watu hudhani hatari nayo imekwisha. La, hasha! Radiamu-226 huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Ikikaa chini ya kioo, madhara yake ni madogo. Vumbi lake likiingia mwilini huganda mifupani. Wasichana waliopaka saa huko New Jersey, Marekani, waliokuwa wakichongoa brashi kwa midomo, baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo katika miaka ya 1920.

Basi ulizeni kwanza Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Halafu fundi asome alama zilizochongwa kwenye mashine, maana jina la usoni huweza kuwa la muuzaji tu. Mashine isafishwe, itiwe mafuta, uso uachwe.

Yangu haing'ai. Inatembea, ikichelewa dakika nne kwa siku.